Bunduki ya kulinda shamba: Lini mtutu ubadilishwe?

MAHINDI yanapoanza kubeba katika uwanda wa juu wa Ufipa, kazi ya mkulima huhama kutoka kwenye palizi na kuwa ulinzi. Nyani hushuka asubuhi na jioni kutoka kwenye misitu ya safu ya Mbizi, nguruwe pori huingia usiku, na nungunungu huchimba viazi na karanga pasipo mtu kusikia.

Huko chini kwenye bonde la Ziwa Rukwa, upande wa Muze na Mtowisa, kuna mgeni mzito zaidi. Kiboko hutoka majini usiku, na akishapita kwenye shamba la mpunga au mahindi, kinachobaki ni njia pana ya matope.

Kwa sababu hiyo wako wakulima, na wafanyabiashara wenye maghala ya nafaka, ambao wanamiliki bunduki za leseni. Baadhi walizinunua zikiwa zimetumika, baadhi wameachiwa na wazee wao kwa utaratibu wa polisi. Bunduki hizo zina umri, na kila mwaka linajitokeza swali lile lile: mtutu umechakaa, tununue mwingine?

Swali hilo ni la fedha kabla halijawa la ufundi. Mtutu mpya na kazi ya kuufunga vinaweza kumeza mapato ya magunia mengi ya mahindi. Akibadilisha kabla ya wakati, mkulima ametupa mtaji. Akichelewa kubadilisha mtutu ulioharibika, anaweza kupoteza vidole, macho au maisha.

Makala haya yanaeleza jinsi mtutu unavyochakaa, jinsi ya kutofautisha uchakavu na uharibifu, na hesabu anayopaswa kuifanya mkulima kabla ya kufungua mfuko.

Kuchakaa ni kitu gani?

Bunduki zilizoko mikononi mwa wakulima ni za aina mbili kubwa. Ya kwanza ni raifo, inayopiga risasi moja moja na ambayo ndani ya mtutu wake kuna mifuo iliyochongwa kwa mzunguko. Mifuo hiyo ndiyo inayoizungusha risasi ili iende moja kwa moja bila kupinduka hewani.

Ya pili ni bunduki ya marisawa, ambayo wengi huiita shotigani. Mtutu wake ni laini ndani, hauna mifuo, na hutoa punje nyingi za risasi kwa mara moja.

Raifo inapofyatuliwa, baruti huungua kwa joto linalozidi nyuzi 2,000 za Sentigredi. Joto hilo ni kubwa kuliko lile linaloyeyusha chuma, ambalo ni karibu nyuzi 1,500. Mtutu hauyeyuki kwa sababu moja tu: jambo lote huchukua muda mfupi mno, takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde.

Pamoja na joto hilo kuna mgandamizo. Kwa risasi nyingi za kisasa za raifo, mgandamizo ndani ya chemba hufikia karibu mara 4,000 ya ule wa hewa tunayovuta. Kwa bunduki ya marisawa ni mdogo sana, chini ya robo ya huo.

Sehemu inayoumia kwanza ni koo la mtutu, yaani zile sentimita chache zilizo mbele ya chemba, mahali mifuo inapoanzia. Hapo chuma hupata nyufa ndogo ndogo. Ukiziona kwa darubini ya fundi, zinafanana na udongo mweusi wa mbuga ya Rukwa uliokauka mwezi wa Septemba. Kadiri bunduki inavyoendelea kupigwa, gesi ya moto hupita kwenye nyufa hizo na kung'oa chuma kidogo kidogo, mpaka mifuo ya mwanzo inafutika.

Risasi ikikosa mifuo ya kuishika mapema, huingia kwenye mtutu ikiwa imepinda kidogo. Matokeo yake ni shabaha kutawanyika.

Kasi ya uchakavu inategemea mambo matatu. La kwanza ni wingi wa baruti ukilinganisha na upana wa tundu la mtutu. Baruti nyingi ikipita kwenye tundu jembamba, koo huisha haraka. La pili ni kupiga mfululizo bila kuuacha mtutu upoe. La tatu ni aina ya chuma na baruti yenyewe.

Wapigaji wa shabaha duniani wana makadirio yanayokubalika kwa upana. Raifo ndogo ya .22 hupiga makumi ya maelfu ya risasi kabla ya kuchoka. Raifo za kawaida za uwindaji kama .308 na .30-06 huhesabiwa kuwa na risasi zipatazo 5,000 za shabaha nzuri. Zile za kasi kubwa, kama .300 Winchester Magnum, mara nyingi huanza kulegea kati ya risasi 1,500 na 2,500.

Ikumbukwe kuwa makadirio hayo ni ya watu wanaoshindana kutoboa karatasi. Mtutu walioutupa wao kwa kuwa umepoteza sentimita mbili za shabaha bado ungemfaa mlinzi wa shamba kwa miaka mingi.

Hesabu ya kwanza: unapiga risasi ngapi?

Tuchukulie mkulima wa Laela mwenye raifo ya .30-06. Kwa msimu mzima anapiga risasi 30, zikiwamo za kutisha na za kupima shabaha. Mtutu wa risasi 5,000 ungemchukua miaka zaidi ya 160 kuumaliza.

Hata angepiga risasi 100 kwa mwaka, jambo ambalo ni ghali kwa bei ya risasi, bado angehitaji miaka 50.

Hesabu hii ndogo inatosha kuonyesha kuwa mkulima wa kawaida hawezi kuumaliza mtutu kwa kupiga. Kwa bunduki ya marisawa jambo liko wazi zaidi, kwani haina mifuo ya kufutika na mgandamizo wake ni mdogo. Mtutu wake ukitunzwa unaweza kutumiwa na vizazi viwili au vitatu.

Kwa nini basi bunduki nyingi za shamba hazipigi sawasawa? Jibu ni kwamba mitutu mingi huharibika ikiwa imelala. Huliwa na kutu, hukwaruzwa na usafishaji mbaya, au huumizwa na kitu kilichoziba ndani.

Kutu, adui wa nyumbani

Ufipa ina mvua tangu Novemba hadi Aprili, na mji wa Sumbawanga uko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Usiku ni baridi, hasa Juni na Julai. Bunduki iliyokesha nje ikiingizwa ghafla kwenye nyumba yenye moto, chuma chake hutokwa umande, nje na ndani ya mtutu. Asubuhi unafuta nje tu, ndani maji yanabaki.

Wengine huihifadhi bunduki juu ya dari ya jikoni wakidhani moshi unazuia kutu kama unavyozuia wadudu kwenye mbegu za mahindi. Chuma hakitunzwi hivyo. Moshi una unyevu na masizi yenye asidi, na vyote viwili hula chuma. Mfuko wa ngozi au wa turubai nao hushika unyevu, kwa hiyo ni wa kusafiria tu, haufai kuhifadhia bunduki msimu mzima.

Jambo lisilojulikana na wengi ni la chumvi. Gobore la baruti nyeusi huacha masizi yenye chumvi ndani ya mtutu. Risasi za zamani, hasa zile za kijeshi, nazo zilikuwa na kiwashio ambacho baada ya kuungua huacha chumvi. Chumvi hiyo huvuta maji kutoka hewani, na katika hewa ya masika kutu huanza kabla hakujapambazuka.

Hapa ndipo kosa kubwa hufanyika. Mwenye bunduki humimina mafuta ya taa au mafuta ya injini akiamini amesafisha. Mafuta hayayeyushi chumvi. Yanaifunika tu, nayo inaendelea kula chuma chini yake. Kinachoyeyusha chumvi ni maji.

Utaratibu ulio sahihi ni huu. Kwanza hakikisha bunduki haina risasi, tazama chemba kwa macho na uiguse kwa kidole. Kama umetumia baruti nyeusi au risasi za zamani, pitisha maji ya moto ndani ya mtutu. Kausha kwa vitambaa mpaka kitambaa kitoke kikavu. Kisha pitisha kitambaa chenye mafuta mepesi ya bunduki.

Rudia kutazama baada ya siku moja au mbili, kwani chumvi iliyobaki hujitokeza kwa rangi ya kutu. Kabla ya kupiga tena, pangusa mafuta yote kwenye mtutu na chemba. Mafuta mengi ndani ya chemba huongeza mzigo kwenye komeo la bunduki wakati wa kufyatua.

Usafishaji unaoharibu

Mahali pa mwisho risasi inapogusa mtutu ni mdomoni. Mdomo ukipata pengo au ukilika upande mmoja, gesi hutoka upande huo kwanza na kuisukuma risasi kando. Mtutu mzima unaweza kuwa mzuri, lakini milimita moja ya mwisho ikavuruga kazi yote.

Mdomo huharibika kwa sababu watu husafisha kwa kuingiza ufito wa chuma au waya kutokea mbele, ukisugua ukingo kila unapopita. Inapowezekana, toa komeo na usafishe kutokea nyuma, kwenye chemba. Kama aina ya bunduki hairuhusu, tumia ufito laini na uushike katikati usiguse kingo.

Msasa, mchanga na nyuzi za chuma za kusugulia masufuria visiingie ndani ya mtutu kabisa. Vinang'arisha kweli, lakini vinaondoa chuma ambacho hakirudi.

Aidha, si kila shabaha mbaya ni mtutu mbaya. Risasi za raifo zina koti la shaba nyekundu, na shaba hiyo hujipaka ndani ya mtutu. Dawa ya kuondoa shaba huuzwa na wauzaji wa silaha. Ikifanya kazi, kitambaa hutoka na rangi ya bluu au kijani. Bunduki nyingi zinazodhaniwa zimekwisha huzinduka baada ya usafi wa namna hiyo.

Kuchakaa si kuharibika

Ni muhimu mkulima ayatenganishe mambo haya mawili, kwani uamuzi wake ni tofauti kabisa.

Mtutu uliochakaa hupunguza shabaha polepole. Hauna hatari ya haraka kwa mpigaji. Unaweza kusubiri, na unaweza kuendelea kutumika kwa umbali mfupi.

Mtutu ulioharibika unaweza kupasuka. Huo hausubiri msimu uishe. Bunduki inawekwa chini siku hiyo hiyo.

Dalili za uharibifu ni hizi. Ukitazama ndani ya mtutu kuelekea kwenye mwanga, unaona kivuli cha pete mahali fulani. Hapo mtutu umevimba. Ukipitisha vidole nje unahisi uvimbe, au unaona ufa. Kutu imechimba mashimo karibu na chemba, mahali penye mgandamizo mkubwa kuliko kote. Maganda ya risasi yanapasuka, yanakwama, au moshi unamrudia mpigaji usoni.

Uvimbe mara nyingi husababishwa na kitu kilichoziba. Mlinzi akiteleza kwenye matope na mdomo wa bunduki ukagusa ardhi, tope linatosha kuupasua mtutu. Nyigu wanaojenga kwa udongo hupenda tundu kama hilo, na bunduki iliyokaa miezi miwili bila kutazamwa inaweza kuwa na kiota ndani. Kitambaa kilichowekwa kuzuia vumbi nacho husahaulika.

Kwa wenye bunduki za marisawa kuna hatari nyingine ya pekee. Risasi ya namba 20 ni nyembamba kuliko ya namba 12. Ikiingizwa kwa bahati mbaya kwenye bunduki ya namba 12, huteleza na kukwama mbele ya chemba. Mtu akidhani hajaweka kitu, huingiza ya namba 12 nyuma yake na kufyatua. Mtutu hupasuka karibu na mkono wa kushoto wa mpigaji. Namba hizo mbili zisikae kwenye mfuko mmoja.

Bunduki za zamani za Uingereza nazo zinahitaji uangalifu. Nyingi zilichongewa chemba ya inchi mbili na nusu, wakati risasi nyingi za leo zina urefu wa milimita 70. Risasi ndefu inaweza kuingia vizuri, lakini ganda lake linapofunguka hukosa nafasi na mgandamizo hupanda. Soma maandishi yaliyogongwa kwenye mtutu, na kama hayasomeki mpelekee fundi apime.

Chuma cha malungu na chuma cha mtutu

Wafipa wanakijua chuma tangu zamani. Wazee wa Ufipa waliyeyusha chuma kwenye matanuru marefu ya udongo yaitwayo malungu, na masalia yake bado yanaonekana mashambani. Majembe yao yalikuwa bidhaa ya biashara ndani na nje ya Ufipa, kabla majembe ya viwandani hayajaua kazi hiyo katika nusu ya kwanza ya karne ya 20.

Historia hiyo ni ya kujivunia, lakini isimdanganye mtu. Chuma kinachofaa jembe na shoka hakiwezi kuzuia mgandamizo wa risasi ya kisasa. Mitutu ya viwandani hutengenezwa kwa chuma cha pua kilichochanganywa na madini kama kromiamu, kikachomwa na kupozwa kwa vipimo.

Kwa hiyo mhunzi au mchomeleaji wa kijijini, hata awe hodari namna gani, asipewe mtutu. Kuchomelea ufa kunalainisha chuma kilicho kandoni, na mtutu hupasuka pembeni ya kiraka. Magobore ya kienyeji yanayotengenezwa kwa mabomba ni hatari zaidi, kwani bomba la maji halikutengenezwa kuzuia baruti. Zaidi ya hayo, ni kosa la jinai.

Sheria inasemaje

Umiliki wa bunduki Tanzania unaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Huwezi kununua, kuuza, kurithi wala kumkabidhi mtu silaha bila kupitia polisi, na utengenezaji na ukarabati ni kazi ya watu wenye leseni ya kazi hiyo.

Bunduki ina namba zilizogongwa kwenye mwili wake, na nyingine hata kwenye mtutu, na namba hizo ndizo zilizoandikwa kwenye kumbukumbu za leseni. Kubadilisha au kufupisha mtutu kimya kimya kunaweza kukufanya uwe na silaha isiyolingana na karatasi zako. Anzia kituo cha polisi cha wilaya, kisha nenda kwa fundi.

Mwenye gobore lisilo na leseni hana swali la mtutu. Swali lake ni namna ya kulisalimisha. Serikali imewahi kutoa vipindi vya msamaha, mathalani mwaka 2023, ambapo waliosalimisha silaha haramu kwa hiari hawakushtakiwa.

Leseni ya bunduki, vilevile, si leseni ya kuua wanyama. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, mnyamapori ni mali ya umma. Sheria inatambua kutetea maisha na mali, lakini taarifa lazima itolewe na mnyama aliyeuawa hawi mali ya aliyemuua. Ofisa wanyamapori wa wilaya ndiye wa kuulizwa kwanza.

Katika misitu ya Mbizi yupo pia mbega mwekundu, nyani adimu duniani anayekula zaidi majani ya miti. Huyo si adui wa mahindi, na kumpiga ni kosa.

Pima kabla ya kununua

Anayehisi shabaha yake imelegea afanye jaribio mahali panaporuhusiwa na kwa idhini. Weka bunduki juu ya mfuko wa mchanga. Kaza misumari yote ya kitako na ya shabaha. Piga risasi 5 za aina moja kwenye karatasi iliyo umbali wa mita 100, ukiacha mtutu upoe katikati.

Raifo ya kawaida iliyo nzima itakusanya matundu yote ndani ya duara la sentimita 5 hivi. Ikitawanya hadi sentimita 15, safisha shaba, jaribu risasi za kiwanda kingine, kisha rudia. Kama hakuna mabadiliko, mwonyeshe fundi mdomo wa mtutu.

Mdomo ukiwa ndio mbaya, fundi mwenye leseni anaweza kukata milimita chache na kuuchonga upya. Kazi hiyo ni nafuu kuliko mtutu mpya. Kama tundu kwenye karatasi si la mviringo bali ni refu, kana kwamba risasi imepita kwa ubavu, mifuo haifanyi kazi tena. Huo mtutu umekwisha.

Sasa linganisha na kazi yako. Mlinzi wa shamba hapigi mita 100, mara nyingi ni mita 40 au chini. Mtutu unaotawanya sentimita 15 kwa mita 100 utatawanya sentimita 6 kwa mita 40. Kwa nguruwe pori huo si upungufu wa kuuza ng'ombe.

Hata hivyo, mtawanyiko ukizidi hapo hatari inaongezeka. Nguruwe au kiboko aliyejeruhiwa hurudi kwa hasira, na atakayekutana naye asubuhi pengine ni mtoto anayekwenda kisimani. Uwanda wa Ufipa nao ni wazi, wenye nyasi na miti michache. Risasi ya raifo iliyokosa lengo inaweza kwenda zaidi ya kilomita 3, na ndani ya kilomita 3 kuna kijiji cha jirani.

Hesabu ya pili: mtutu au magunia?

Tuchukue mfano wa kuonyesha njia ya kukokotoa. Kila msomaji aweke bei zake za leo.

Tuseme mtutu mpya, ufundi, usafiri na vibali ni Sh milioni 2. Fedha hizo umekopa, au ungeziweka mahali pa kukuletea faida, kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka. Tuseme mtutu utadumu miaka 20. Malipo sawa ya kila mwaka yatakayomaliza mtaji na riba ni takriban Sh 374,000.

Kama gunia la mahindi la kilo 100 ni Sh 60,000, mtutu huo unakugharimu magunia zaidi ya 6 kila mwaka. Mwenye ekari 5 zinazotoa magunia 12 kila moja anavuna magunia 60. Ina maana anatumia asilimia 10 ya mavuno kulipia mtutu, mbali na risasi, leseni na usiku wa kukesha.

Swali linalofuata ndilo la msingi: je, mtutu mpya utaokoa magunia 6 ambayo ule wa zamani usingeyaokoa? Kama wanyama wanakimbia kwa mlio, jibu ni hapana, kwani mtutu mkuukuu usio na ufa wala uvimbe unalia sawa na mpya. Kama ni bunduki ya mlinzi wa ghala Sumbawanga mjini, ambayo haipigwi kabisa, jibu ni hapana zaidi.

Jibu linaweza kuwa ndiyo kwa kikundi. Wakulima 20 waliolima kwa bonde moja wakichangia gharama za mwenzao mmoja mwenye leseni, zile Sh 374,000 zinakuwa chini ya Sh 19,000 kwa kila mmoja. Silaha inabaki kwa mwenye leseni, na kinachochangiwa ni huduma ya ulinzi.

Linganisha pia na njia nyingine. Mashamba yaliyopakana yakipandwa kwa wakati mmoja hulindwa na watu wachache. Kufyeka vichaka vya mpakani huwanyima nguruwe na nyani maficho. Penye tembo, uzio wa mizinga ya nyuki uliojaribiwa Kenya umeonyesha kuwa tembo huwakwepa nyuki, na mkulima hupata asali juu yake.

Kwa mtutu ulioharibika hesabu hizi hazina nafasi. Ufa na uvimbe havilinganishwi na bei ya mahindi. Bunduki isitumike, polisi wapewe taarifa, na uamuzi uwe mmoja kati ya miwili: kubadilisha mtutu kwa utaratibu au kuisalimisha silaha.

Kwa anayenunua bunduki iliyotumika

Usilipe kabla ya kutazama ndani ya mtutu mchana, kutoka pande zote mbili. Tafuta mifuo yenye kingo kali, mng'ao usio na madoa, na mwanga usiokatwa na pete ya kivuli. Gusa mdomo kwa ncha ya kidole uone kama una pengo.

Uliza bunduki imehifadhiwa wapi kuliko kuuliza imepiga risasi ngapi. Iliyopiga risasi 1,000 na kusafishwa kila mara ni bora kuliko iliyopiga 50 na kuachwa kwenye mfuko wa ngozi masika matatu. Kama mtutu una walakini, bei ishuke kwa gharama yote ya kuubadilisha, pamoja na nauli na siku za kazi utakazopoteza, maana mafundi wenye leseni hawapatikani kila mji.

Kwa waliokwisha kumiliki, kalenda ni rahisi. Mwezi Oktoba, kabla ya mvua, ikague bunduki yote na upime shabaha. Novemba hadi Aprili, pangusa mtutu kila bunduki inaponyeshewa au inapotoka kwenye baridi na kuingia ndani. Mwezi Mei, mavuno yanapoanza, isafishe kwa mara ya mwisho, ipake mafuta na uifungie mahali pakavu, risasi zikiwa zimewekwa mbali nayo.

Chupa ndogo ya mafuta ya bunduki, vitambaa vya pamba na sufuria la maji ya moto havifikii bei ya gunia moja la mahindi. Kwa wakulima wengi wa Ufipa, matumizi hayo madogo ndiyo yatakayowaepusha na gharama ya mtutu mpya.